"Rimatisme haiui mtu": jibu kwa mama wa Mulekera

BARUA

Kwa Mshauri wetu,

Jina langu usiliandike. Mimi ni mama wa watoto watano, nina miaka 48, nauza vitenge sokoni hapa Beni na nakaa Mulekera.

Shida yangu ilianza mwaka 2019, wakati wa Ebola. Jirani aliugua, watu wa riposte, kikosi cha kupambana na Ebola, wakaja wakatuchanja sisi wote wa kiwanja. Siku chache baadaye viungo viliniuma, kisha nikapona. Ikapita kama miezi minne, mikono ikaanza upya, ya kulia na ya kushoto pamoja. Vidole vinavimba kwenye vifundo. Asubuhi mikono imekauka, hata kufunga kifungo cha mtoto siwezi mpaka jua lipande. Muuguzi alisema ni rimatisme. Farmasi wakanipa dexa na diclo, na ndizo ninazotumia hadi leo: dexa mbili asubuhi, mbili jioni, na diclo nikizidiwa. Siku nyingi ninazidiwa. Bila hizo sitoki kitandani.

Yaya yangu (dada yangu mkubwa) wa Butembo alikuwa na ugonjwa huohuo, alinitangulia nao miaka mingi, na yeye hakuchanjwa. Mwaka jana aliamka akisema amechoka na kichefuchefu kinamsumbua. Akarudi kulala. Kabla ya jioni alikuwa amekufa. Walisema ni moyo, lakini hakuwahi kulalamika kifua hata siku moja. Kwenye kilio maneno yakaanza, kwamba familia yetu inafuatwa na kuna mkono wa mtu.

Mume wangu anasema rimatisme haiui mtu, mimi natafuta tu sababu ya kukwepa kazi. Mchungaji wa chumba cha maombi anataka nifunge na niache dawa zote, ili Mungu apate nafasi ya kufanya kazi. Nami siku hizi nikipanda kilima na mzigo wangu, kifua kinabana, nasimama kidogo, kinaachia. Juzi walinipima tansio, wakasema 16 kwa 10.

Je, ni chanjo iliyonitia ugonjwa? Nitakufa kama yaya? Niache dawa?

Mama wa Mulekera, Beni

JIBU

Mama, pole sana kwa yaya yako.

Maswali yako matatu nitayajibu, lakini lililo kubwa kuliko yote hukuliuliza, umelitaja njiani tu. Ni hicho kifua. Mwanamke wa miaka 48, mwenye presha ya 16 kwa 10 (ndiyo ile wengine wanayoandika 160 kwa 100) na viungo vilivyovimba kwa miaka, akisema kifua kinambana akipanda na kinaachia akisimama, tunahesabu kwamba ni moyo hadi daktari aseme si moyo. Usingoje mwisho wa mwezi wala soko lichangamke. Wiki hii nenda hospitali kubwa, uache farmasi na kituo cha afya cha mtaani, ukapimwe umeme wa moyo, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani kisha karatasi inatoka na mistari. Ujue tu kwamba karatasi hiyo inaweza kutoka safi kabisa ukiwa umelala umetulia, hali moyo wenyewe unalalamika ukiwa na mzigo mgongoni. Kwa hiyo mwelezee daktari kilima na mzigo kwa maneno yako mwenyewe, kama ulivyonieleza mimi.

Kifua kikikubana ukiwa umekaa, na robo saa ikapita hakijaachia, au kikaja na jasho la baridi, kutapika, pumzi kukatika, maumivu ya taya, mgongo au mkono, hapo panda motari uende hospitali saa ileile. Mkiwa mnatoka, tafuna nusu ya aspirini ya miligramu 500, isipokuwa kama aspirini inakudhuru, una vidonda vya tumbo au umeanza kupata choo cheusi. Najua usiku wa Beni una mambo yake, na si kila saa mtu anaweza kufungua mlango akatoka. Ndiyo maana nataka uende mchana, kwa miguu yako, kabla hujafikia kubebwa.

Sasa tumjibu shemeji yangu, mume wako. Kauli yake inasikika katika kila kiwanja kuanzia Oicha hadi Butembo, na simlaumu sana, maana rimatisme kwetu ni jina la kila kinachouma: goti la mzee aliyebeba mizigo maisha yake yote, kiuno cha aliyelima tangu utotoni, mgongo wa dereva wa motari. Hayo yanatesa, lakini hayaui. Wewe umeniandikia habari nyingine kabisa. Vifundo vidogo vya vidole, mikono yote miwili kwa pamoja, uvimbe, ukavu wa asubuhi unaopita saa nzima, miaka bila kupoa: hiyo ina sura yote ya baridi yabisi yenyewe, ile madaktari wetu wanayoiita poliatriti rumatoidi. Inawapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Wala si ugonjwa wa nchi za baridi. Madaktari wa Kinshasa waliochunguza wakazi wa mji wao na kuchapisha matokeo mwaka 2012 walikuta unampata chini kidogo ya mtu 1 kati ya 100. Piga hesabu ya Beni na Butembo utaona ni wanawake wangapi wanaamka na mikono kama yako na kuitwa wavivu.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Kemikali zinazomwagwa katika vita hivyo hazibaki vidoleni. Zinaingia kwenye damu, na damu inayopita kwenye vidole vyako ndiyo inayopita kwenye moyo. Zikifika kwenye mishipa inayoulisha moyo, zinauchubua ukuta wake kwa ndani. Mafuta yanaanza kujishika pale mapema kuliko kwa mtu mwingine wa umri wako, na ganda linaloyafunika linakuwa laini. Siku ganda hilo likipasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba, na nyama ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inakufa.

Ndiyo maana mwenye ugonjwa huu ana hatari ya maradhi ya moyo iliyozidi ya wenzake kwa karibu nusu. Chama cha madaktari wa viungo wa Ulaya kinawaambia wanachama wake wafanye hesabu ya kawaida ya hatari ya mgonjwa, kisha wazidishe kwa 1.5. Wenye sifa zako zote, wasio na ugonjwa wako, wakiwa 10 kati ya 100 watakaopatwa na maradhi ya moyo ndani ya miaka kumi, nyinyi mtakuwa 15. Watafiti wa Uholanzi waliwalinganisha wagonjwa hawa na wagonjwa wa sukari, wakakuta hatari zao zinakaribiana. Mwenye sukari hapa kwetu kila mtu anamwonea huruma, anapikiwa peke yake, anakumbushwa dawa. Mwenye mikono kama yako anaambiwa akatwange sombe.

Nikija kwa yaya yako, sikumwona, na hakuna aliyempima siku ile, kwa hiyo sitasema kwa uhakika kilichomuua. Lakini uliyoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa wa moyo. Watafiti wa Rochester, katika jimbo la Minnesota, Marekani, waliandika mwaka 2005 kwamba wagonjwa wa baridi yabisi hupatwa na shambulio la moyo la kimyakimya, na kifo cha ghafla, zaidi ya watu wengine, na ni wachache kati yao wanaolalamika kifua kabla. Wanawake kwa jumla nao mara nyingi huletewa habari na uchovu, kichefuchefu, pumzi fupi au mgongo. Ongeza kwamba mtu aliyezoea maumivu na kumeza diclo kila siku anayafunika hata yale ambayo yangemwonya. Umemfunga mbwa mdomo, na mwizi bado yumo ndani.

Kwa hiyo hamna haja ya kutafuta mkono wa mtu. Ugonjwa huu una mizizi katika damu ya ukoo: ukiwa na ndugu wa tumbo moja aliyeupata, nafasi yako ya kuupata inapanda. Kwenye kilio wameona dada wawili wenye mikono ileile na mmoja amekufa ghafla, wakatafuta mchawi. Daktari angeona dada haohao akauliza habari za mama yenu na shangazi zenu.

Hapo swali lako la chanjo nalo linaanza kujijibu, kwa sababu yaya aliugua kabla yako na hakuchanjwa. Lakini sitalipita haraka. Katika miji yetu miwili, Beni na Butembo, watu wamekufa kwa sababu ya maneno kuhusu riposte. Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi tarehe 19 Aprili 2019 ndani ya Kliniki ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Anayeuliza kuhusu chanjo anastahili ukweli wote, hata ule usiopendeza. Chanjo ya Ebola inaweza kweli kuumiza viungo. Ilipojaribiwa Geneva, Uswisi, kabla haijafika kwetu, 11 kati ya watu 51 wa kundi moja walivimba viungo, hasa katika wiki ya pili, na kwa wengi yakaisha. Katika mlipuko wetu, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kufungwa tarehe 25 Juni 2020, walichanjwa zaidi ya watu 300,000. Maumivu yako ya siku za mwanzo, yaliyokuja yakapona, nakubali huenda yalitokana na chanjo. Ugonjwa uliokuja miezi minne baadaye, ukashika mikono yote miwili na kukaa miaka, hauendi kwa mwendo wa chanjo ile, na umefuata njia ya yaya yako. Waliougua Ebola yenyewe wakapona wana maumivu yao ya viungo, ambayo ni habari nyingine. Kama wewe ungekuwa mmoja wao ningekujibu tofauti.

Sasa dawa, na hapa nitakaa.

Dexa (dexamethasone) ni dawa ya kweli. Hospitalini inaokoa watu. Inazima uvimbe ndani ya saa chache, ndiyo maana unaiheshimu na ndiyo maana aliyekuuzia ameonekana mganga hodari. Tatizo ni kiasi, na ni miaka. Vidonge vyako vinne kwa siku, vikiwa vile vya nusu miligramu, ni sawa na prednisolone kama miligramu 13. Madaktari wa viungo wanapotumia dawa za jamii hii wanataka wasivuke miligramu 7.5 wakiweza, kwa miezi michache, wakati dawa nyingine inajijenga, kisha wanapunguza hadi waache. Wewe umekula karibu mara mbili ya hiyo kwa miaka, bila mtu kukuangalia. Dexa inapandisha presha, inapandisha sukari, inaharibu mafuta ya damu, inalainisha mifupa. Kila kimoja kati ya vitatu vya kwanza ni mzigo juu ya moyo ambao tayari una mzigo. Jiangalie kwenye kioo: kama uso umejaa na tumbo limekua hali mikono na miguu imekonda, na sokoni wanakusifu kwamba maisha yamekunyookea, hiyo ni dexa. Wasichana wanaoimeza makusudi ili wanenepe wanajinunulia ugonjwa kwa pesa zao, na wanaowauzia wanajua.

Diclo nayo ina kesi yake. Mwaka 2004 dawa moja ya kundi hilohilo la kutuliza uvimbe, Vioxx, iliondolewa sokoni dunia nzima kwa sababu ilikuwa inaleta mashambulio ya moyo. Baadaye wakachunguza ndugu zake, na diclofenac, hiyo diclo yako, ikaonekana inaifuata kwa karibu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaagiza isipewe mwenye ugonjwa wa moyo. Kwa kifua chako kilivyo, diclo ningeitoa nyumbani leo, na ibuprofen na indo (indomethacin) zisichukue nafasi yake. Zote zinashikilia chumvi na maji mwilini na kupandisha presha. Ukipewa dawa ya presha juu yake, haifanyi kazi yake vizuri, na figo ndizo zinazoumia. Dexa na diclo pamoja, tena kwenye tumbo tupu, ndiyo njia fupi ya kufikia vidonda vinavyotoka damu. Kwa maumivu tumia paracetamol, gramu moja hadi mara tatu kwa siku, isizidi. Najua ni dhaifu kuliko diclo. Itakushikilia mpaka ufike kwa daktari.

Lakini dexa, mama, USIIACHE GHAFLA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya mchungaji. Mwili una tezi mbili juu ya figo zinazotengeneza dawa ya namna hiyohiyo kwa kiasi chake. Ukimeza ya dukani miaka yote, tezi zinalala. Siku ukiikata, mwili unabaki bila chochote: presha inaanguka, unatapika, nguvu zinaisha, na mtu anaweza kufa ndani ya siku chache. Watu watasema amekufa katika maombi, au amelogwa. Dexa inashushwa ngazi kwa ngazi, wiki kwa wiki, na daktari ndiye anayeshika ngazi.

Omba, sikukatazi, nami ni mtu wa kanisa. Mwombe mchungaji akuombee ukiwa na dawa zako mfukoni, na kufunga uachane nako kwa sasa. Akikataa, tafuta mchungaji mwingine. Beni hatuna upungufu wa wachungaji.

Baada ya hayo utaniuliza, mikono itafanyaje bila dexa? Ipo dawa inayokwenda kwenye chanzo, na si ya wazungu peke yao wala si ya matajiri. Inaitwa methotrexate. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inaituliza kinga iliyoasi, uvimbe unashuka, viungo vinapona kabla havijapinda, na tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi wanaoitumia wanapatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wasioitumia. Jambo lililonifundisha kitu ni hili: mwaka 2019 Wamarekani walichapisha jaribio la kuwapa dawa hiyo wagonjwa wa moyo wasio na baridi yabisi, na moyo haukufaidika. Kwa wasomaji wetu maana yake ni kwamba si dawa ya moyo ya kununua tu. Kwako inausaidia moyo kwa kuwa kwako uvimbe wa viungo ndio unaoudhuru.

Ina masharti makali, na nataka uyajue kabla ya muuzaji yeyote. Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Chagua siku, tuseme Jumapili baada ya ibada, na mtu wa pili nyumbani aijue siku hiyo. Anayeimeza kila siku kama paracetamol anaharibu uboho unaotengeneza damu, na wamekufa watu kwa kosa hilo. Siku nyingine ya wiki unameza asidi foliki ili isikuchoshe. Kabla ya kuanza upimwe damu, ini, figo, hepatiti B, VVU, na picha ya mapafu kwa ajili ya kifua kikuu. Ukishaanza, damu na ini vinarudiwa kila baada ya wiki chache, kisha kila baada ya miezi kadhaa. Haichukuliwi na mwenye mimba wala anayetafuta mimba. Kasiksi na lutuku uage. Na Bactrim, hiyo cotrim tunayomeza kwa kila tumbo na kila kikohozi, ukiichanganya na methotrexate inaweza kukumaliza. Kila unapokwenda kwa muuguzi kwa homa au kuhara, sema kwanza "natumia methotrexate". Haifanyi kazi upesi. Itachukua wiki 6 hadi 12 kabla hujaona vidole vinalegea, na katika wiki hizo ndipo dexa kidogo inayosimamiwa ina kazi yake. Ikiwa methotrexate haikufai, zipo sulfasalazine na hydroxychloroquine. Hiyo ya pili ni ya ukoo wa chloroquine, kwa hiyo siku ukipata malaria umwambie anayekutibu, kwa sababu baadhi ya dawa za malaria zikikutana nayo zinavuruga mapigo ya moyo.

Presha yenyewe itibiwe, hata kabla mikono haijapata dawa yake. Presha ya 16 kwa 10 ikithibitika mara ya pili siku nyingine ni ugonjwa, na dawa zake, amlodipine na wenzake, zipo Beni na Butembo. Ni za kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Pima na sukari, kwa sababu ya dexa. Wakikupima kolesteroli wakakuambia iko chini, usishangilie: katika ugonjwa wako uvimbe ukiwa mkali kolesteroli inashuka kwenye karatasi wakati mishipa inaendelea kuharibika. Ipimwe tena uvimbe ukitulia.

Chakula nakigusa tu, kwa sababu huku kwetu tuna tabia ya kumwambia mgonjwa asile hiki na kile mpaka akonde. Chumvi ndiyo adui wa presha yako: makayabo, kubu za mchuzi, chumvi ya kunyunyizia mezani. Sombe ule, mawese yapunguzwe. Maharagi, samaki wa Vitshumbi na Kyavinyonge, mboga za Lubero, vyote ni vyako. Tembea kila siku bila mzigo, ila ungoje kwanza daktari aseme moyo unaruhusu. Moshi wa jikoni unadhuru mishipa kama sigara inavyodhuru. Pikia penye hewa. Na kama kuna anayevuta tumbaku nyumbani, atoke nje nayo, au aiache. Tumbaku inauchochea ugonjwa huu wenyewe na inaumaliza moyo.

Jambo moja nilitenge, kwa sababu wauguzi wetu wanalichanganya. Kuna rimatisme ya watoto inayoshambulia moyo. Inaanza na koo lililouma kwa bakteria, inawapata zaidi wa umri wa kwenda shule, inaharibu milango ya moyo, na dawa yake ni sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne kwa miaka. Si ugonjwa wako. Mtu akitaka kukuchoma penisilini kila mwezi kwa sababu ya mikono hiyo, kwa sababu tu kipimo cha ASLO, cha bakteria hao wa koo, kimetoka juu, mwombe kwa heshima akupeleke kwa daktari wa magonjwa ya ndani.

Uende wapi? Hapo Beni kuna Hospitali Kuu ya Rufaa na kuna kituo cha Nyankunde. Butembo kuna Matanda, Kitatumba, Katwa na Kliniki ya Graben. Omba daktari wa magonjwa ya ndani. Bingwa wa viungo hutampata kwa urahisi upande wetu, na ugonjwa wako hauhitaji kumsubiri. Najua pia kuna atakayekushauri uuze kiwanja uvuke Kasindi mpaka Kampala. Siku moja huenda ikabidi, hasa moyo ukitaka vipimo vikubwa, na pale Kampala, Hospitali ya Mulago, wanavyo. Lakini presha, sukari, umeme wa moyo, damu, picha ya mikono, kushusha dexa na kuanza methotrexate ni kazi ya daktari mzuri wa hapa. Anza hapa, na kiwanja kikae.

Na kwa sababu tunaishi tunavyoishi, tangu mauaji ya Beni yaliyoanza mwaka 2014 hadi leo, dawa zako ziwe na akiba ya wiki mbili au tatu, na majina na vipimo vyake viandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko uleule wa karta ya kupiga kura. Wakimbizi wanaofika Butembo kila wiki wanafika na watoto na godoro, na hawakumbuki jina la dawa waliyokuwa wakitumia. Mwenye dexa au dawa ya presha akikatikiwa njiani anaweza kuugua vibaya kuliko aliyeachwa nyuma.

Kwa hiyo, utakufa kama yaya? Sidhani. Mbele yako kuna mambo yanayoweza kutibiwa: uvimbe, presha, dexa, diclo. Lakini ukiyaacha yalivyo sikudanganyi, uko njia moja na yake.

Kwa shemeji nina ombi. Aende nawe hospitali, aingie ndani, amsikie daktari kwa masikio yake. Sisi Wanande tunajisifu kwa kazi, na ni haki yetu, ila mwanamke anayeuza vitenge sokoni kila siku na mikono ya namna hiyo hajakwepa kazi hata kidogo. Watoto wa yaya wa kike walio watu wazima wapimwe presha, na yeyote mwenye vifundo vinavyovimba asiende farmasi. Siku ya kwenda, weka kwenye mfuko kila dawa unayomeza, pamoja na makopo na karatasi zake, hata ile ya unga uliyopewa na mganga kama ipo, maana baadhi ya unga huo ndani yake kuna dexa iliyosagwa. Daktari azione zote mezani kabla hajaandika ya kwake.